Tulimpa unga, tukamnyima jembe: mama mkimbizi na kanisa letu hapa Nakuru

Katibu wa Lanet (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni.

Nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa. Mimi ni katibu wa kamati ya kanisa huku upande wa Lanet. Jina la kanisa naliacha, sina nia ya kumchafua mtu, na kosa lenyewe limeandikwa kwa mkono wangu.

Mwezi wa pili alianza kuja ibadani mama mmoja kutoka Goma, Kongo. Ana watoto watatu, mdogo bado wa kubeba mgongoni. Alikuwa akikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na baraka zikitolewa tu anatoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Mama mmoja wa ushirika wa akina mama ndiye aliyemfuata nje akamshika mkono. Tukajua kwamba ni mkimbizi aliyeandikishwa, karatasi anazo, alikuwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma na amekuja huku kwa ruhusa kwa ajili ya matibabu ya mtoto wake wa kati. Kule Goma alikuwa fundi cherehani. Kiswahili chake ni kile cha Kongo, watoto wa shule ya Jumapili walikicheka mpaka mwalimu akawakemea.

Sasa kwaya ilikuwa inataka sare mpya za kitenge, watu 34. Mama akasikia tangazo. Jumapili iliyofuata akaja amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Nililitazama kwa karibu: kitenge cha maua ya bluu, na pale kwenye mshono wa ubavuni maua yamekutana, nusu kwa nusu, hujui kitambaa kilikatwa wapi. Anayejua kushona anajua hiyo si kazi ya kujifunza wiki mbili. Akamwendea mwenyekiti akaomba ashone, hata nusu, hata sare tano za majaribio.

Kamati ikakaa. Hatukumaliza dakika kumi. Mzee mmoja akasema huyu hana kipande, yaani kitambulisho, cha Kenya, akitoweka na vitambaa vyetu tutamtafuta wapi. Mwingine akasema mafundi wetu watanung'unika. Mwenyekiti, mtu mwema kabisa, akasema basi tusimwache mikono mitupu, sisi ni Wakristo. Wote tukaitikia. Nikaandika kwenye kitabu cha mikutano: "Mama mkimbizi apewe unga kilo 10, mafuta lita 2 na sukari kilo 2 kutoka mfuko wa huruma." Kazi ya sare ikapelekwa kwa fundi wa mjini.

Mimi nilikuwa na ulimi siku ile na sikuutumia.

Nami ndiye niliyetumwa kupeleka ule unga. Anaishi chumba kimoja cha mabati, ndoo mbili za maji mlangoni, na ukutani kipande cha kadibodi alichochora vipimo vya gauni la mtoto kwa kalamu. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawaita watoto waniamkie. Halafu akauliza pole pole: "Na ile kazi, baba?" Nikamwambia kamati imeamua vingine. Akasema, "Haya. Aksanti." Nilifika kituoni, matatu mbili zikapita nikiwa nimesimama tu.

Niwaambie kwa nini nilisimama.

Mwaka 2007 tulikuwa tunakaa Bungoma. Baba alikuwa na kibanda cha vipuri vya baiskeli. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, ghasia zikalipuka, na mwaka mpya ulipoingia kibanda kilikuwa majivu. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo humo. Habari hiyo ilipotufikia kwa simu, mama alisema basi hata kanisani hatuendi. Tukavuka Malaba. Nilikuwa na miaka 12.

Mnaosema Mkenya hajui ukimbizi, maelfu yetu tulivuka kuingia Uganda msimu ule. Wengi waliwekwa Mulanda, nje ya Tororo, na baadaye ambao hawakutaka kurudi wakapelekwa Kiryandongo, mahali ambapo miaka michache mbele walikuja kupokelewa watu wa Sudan Kusini. Sisi tulichukuliwa na mama mmoja Mteso, muumini wa kanisa la kule. Tulimwita Toto, kama wanavyoita mama zao. Siku mbili alitulisha atapa, ugali wa kule, na mboga, hakutuuliza chochote. Siku ya tatu asubuhi akaja mlangoni na jembe, akamkabidhi mama. Nalikumbuka lile jembe: mpini mfupi uliong'aa kwa viganja, bapa limelika upande mmoja. Akamwonyesha kipande cha mihogo kilichotaka kupaliliwa, akasema tutagawana, na kwa jirani wanatafuta vibarua, nimeshawaambia wewe ni mtu wangu.

Mama hakuwa amelia tangu Bungoma. Alilia pale. Nilidhani ametukanwa. Miaka mingi baadaye aliniambia, "Siku ile ndiyo niliacha kuwa mzigo."

Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeisikia methali hii ikitumiwa kumfukuza mtu, kana kwamba imesema siku ya tatu mpe nauli. Isikilizeni vizuri. Kumpa mtu jembe ni kumwonyesha shamba, ni kumwambia kuna mahali pako hapa. Sisi kwenye kamati tulimrudisha mama wa Goma kwenye siku ya kwanza na ya pili, na tunataka akae huko huko, anapokea, anashukuru, anapokea.

Na Maandiko je? Wengi tunakimbilia Mathayo 25, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha," na ni neno la moto. Lakini mimi wiki hizi nimekaa na Matendo 18. Paulo anafika Korintho, anawakuta Akila na mkewe Prisila, ambao wametoka Italia majuzi kwa sababu Klaudio ameamuru Wayahudi wote watoke Rumi. Watu waliofukuzwa, hao. Anakaa kwao, na sababu imeandikwa wazi: ufundi wao ulikuwa mmoja, walikuwa washona mahema, wakafanya kazi pamoja. Ushirika wa Korintho ulipata nguzo zake kwenye nyumba ya mafundi wawili waliofukuzwa, kwa sababu kuna mahali walipokewa na sindano zao.

Sasa naomba ushauri wenu. Nirudi kwenye kamati niseme nini? Msinipe la kunifariji.

---

Mkaazi_Kaptembwo

Katibu, nakuheshimu na sitakutukana. Ila mimi nina vijana wawili nyumbani, mmoja ana cheti cha ushonaji wa chuo cha ufundi, anashinda kibarazani. Kanisa lina kazi 34 za kushona, wewe unataka zimwendee mtu ambaye kesho atarudishwa Kakuma? Huruma ya unga sikatai, nami hutoa. Kazi ni kitu kingine. Na usalama tusijifanye hatuujui. Chuo kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, al-Shabaab waliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mzazi aliyempeleka mtoto chuoni akamchukua kwenye jeneza hutamweleza habari ya Akila na Prisila.

---

Sauti ya Tatu

Mimi ni mwanakwaya, kanisa lingine hapa Nakuru. Swali tu: fundi wa mjini amewashonea kwa bei gani?

---

Katibu wa Lanet

Sauti ya Tatu, 1,800 kwa sare. Mama alikuwa amesema 1,200.

Mkaazi, umesema ukweli wa nyumba yako na siwezi kuupuuza. Kijana wako ana haki ya kazi, na kanisa linalomwona mgeni lisimwone yeye nalo lina shida. Lakini tazama kilichotokea kwetu: kazi haikwenda kwa kijana wa mtaani asiye na ajira. Ilikwenda kwa mwenye duka la mafundi sita ambaye hata hakuiomba. Tulisema "vijana wetu" ili kumnyima yule mama, kisha vijana hatukuwakumbuka tena. Hilo lilinishtua nilipolisoma tena kwenye kitabu.

Kuhusu Garissa, naomba tuseme kwa heshima ya wafu. Mmoja wa walioingia na bunduki pale alikuwa Mkenya, kijana aliyesomea sheria chuo kikuu hapa hapa nchini, mtoto wa chifu. Baba yake mwenyewe alikuwa ameripoti kwamba ametoweka. Uovu ule haukuja na kitambulisho cha mkimbizi. Wanaoukimbia ndio wengi kambini. Mama wa Goma amekimbia watu wenye bunduki, kama mama yangu.

---

Nyar Kisumo

Nimesoma nikanyamaza kwanza. Niko Kisumu, Nyalenda.

Mwisho wa Januari 2008, Naivasha na Nakuru zilipochafuka, watu wetu walirudi huku kwa mabasi na malori. Nyumba ya mama yangu, vyumba viwili, tulilala watu kumi na mmoja. Mjomba wangu alikuwa amezaliwa Nakuru, kule mitaa ya Bondeni, Kisumu alikuwa akiijua ya kuzika tu. Alirudi "kwao" na kwao hakumjui. Watoto wetu walikuwa wanacheka Kijaluo chake. Kwa hiyo mtu akiniambia mgeni ni yule wa kutoka nchi nyingine, namwambia njoo nikuonyeshe.

Kanisa lilituletea blanketi. Nasema asante mpaka leo, mvua ya mwaka ule ilikuwa kali. Wakaja tena na blanketi. Mara ya tatu wakaja na blanketi. Mjomba alikuwa seremala, vifaa vyake vyote viliungua. Hakuna aliyemuuliza anajua kufanya nini! Mwaka mzima alikaa chini ya mwembe akisikiliza redio, akawa mkali kwa watoto, akaanza kunywa. Aliyemtoa pale ni fundi mmoja wa Kibuye, si mtu wa kanisa letu, sijui kama alikuwa wa kanisa lolote. Alimwambia njoo Jumatatu, randa nitakupa.

Mjomba hakuacha pombe mara moja, nisiwadanganye. Ila alikuwa akiamka.

---

Mpaka_Busia

Naongezea la sheria maana naona watu wanasema "hana kipande" kama vile mjadala umefungwa.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi au biashara au ufundi wake, kifungu cha 28. Kitambulisho cha mkimbizi ni hati halali ya serikali. Kuna pia kibali cha kazi cha Daraja M ambacho ni cha wakimbizi na hakilipiwi ada. Najua kwa vitendo si rahisi, mtu anazungushwa ofisi hii na ile, na ruhusa za kutoka kambini zina masharti yake, hivyo mama huyo ahakikishe ruhusa yake haijaisha. Lakini msiseme sheria inamkataza kushika sindano. Serikali yenyewe Machi 2025 ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ambapo wakimbizi na wenyeji wanafanya kazi na kutumia huduma pamoja. Dadaab ipo tangu 1991, Kakuma tangu 1992. Kuna watu wamezaliwa mle na sasa wana watoto wao, na hawajawahi kuulizwa wanajua kufanya nini.

Kisha mkumbuke mgao wa chakula ulivyokatwa 2025 wafadhili walipopunguza fedha. Kakuma watu waliandamana. Nchi ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000; huwezi kuwalisha kwa mfuko wa huruma wa kanisa, hata yakijumlishwa makanisa yote ya Nakuru.

---

Mkulima wa Njoro

Mimi si mtu wa maneno mengi. Huku kwetu mashine ikishapita shamba la ngano, akina mama huingia nyuma yake na magunia kuokota masuke yaliyobaki. Wapo wenye mashamba wanaowaachia, wapo wanaoweka mlinzi na mbwa. Baba yangu alikuwa akimwambia dereva asikate pembeni kabisa. Nilikuwa nadhani ni uvivu wa mzee, mpaka siku niliposoma Walawi 23, panaposema usivune pembe za shamba lako, uwaachie maskini na mgeni.

Boazi naye alifanya hivyo kwa Ruthu, tena aliwaambia vijana wake waangushe masuke makusudi na wasimguse. Yule msichana alirudi kwa mkwewe jioni na efa nzima ya shayiri aliyoipura mwenyewe. Hakurudi na bakuli la uji.

---

Mkaazi_Kaptembwo

Mkulima, Ruthu alikuwa ameolewa na Mwisraeli. Alikuwa mkwe wa mtu. Na swali langu kwa katibu ni hili, ajibu kama mtu mzima: huyo mama ni Mkristo mwenzenu, anaimba nyimbo zenu. Angekuwa Msomali wa Dadaab, Mwislamu, mngeandika uzi?

---

Katibu wa Lanet

Nimekaa na swali lako tangu jana usiku.

Ukweli ni kwamba pengine nisingeandika. Na hilo nalo nalitubu, kwa sababu mfano wa Luka 10 umejengwa juu ya swali lako. Msamaria na yule aliyelala barabarani ya Yeriko hawakuwa na ibada moja, na Yesu hakumwambia mwanasheria kwamba aliyepigwa alibadili dini baada ya kupona. Alimalizia kwa kusema nenda ukafanye vivyo hivyo.

Ruthu naye usimpitie haraka hivyo. Alikuwa Mmoabu. Kumbukumbu la Torati 23 inasema Mmoabu asiingie katika mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi. Pale Bethlehemu mzee yeyote wa kamati angeweza kufungua andiko hilo akamfungia mlango, na angekuwa na aya mkononi. Boazi alimfungulia shamba, na Mathayo sura ya kwanza inamtaja Ruthu kwa jina kwenye ukoo wa Bwana wetu. Mimi sijui wazee wa Bethlehemu walisema nini jioni ile. Najua wetu walisema nini, maana niliandika.

Halafu kuna jambo naomba mlitazame. Dada ya mke wangu, wa Kakamega, yuko Riyadh mwaka wa nne akifanya kazi za nyumbani. Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Kila Jumapili tunawaombea: Bwana awape kibali machoni pa waajiri wao, wasinyimwe mshahara, wasinyang'anywe pasipoti. Tunasema amina kwa sauti. Kuna mama wa Goma anaketi benchi la nyuma anatusikia tukiomba hivyo.

---

Nyar Kisumo

Hapo kwenye maombi umenigusa. Sisi pia huomba hivyo hivyo, neno kwa neno.

Ila nikuulize, kwa nini unataka kurudi kwenye kamati na hotuba? Wazee hawabadilishwi na hotuba. Muombe mwenyekiti aende mwenyewe akalione lile gauni.

---

Sauti ya Tatu

Sisi tunahitaji majoho ya watoto, 15, ya kitambaa cheupe na kola nyekundu. Kiongozi wetu wa kwaya amekubali aje apime. Bei ni ile ile anayomlipa fundi yeyote, asilipwe kidogo eti kwa sababu ni mkimbizi. Cherehani anayo?

---

Mkaazi_Kaptembwo

Sijabadilisha msimamo wangu kuhusu nchi. Lakini kijana wangu mwenye cheti kazi za kola anazijua, akipata mtu wa kumfundisha kitenge atafurahi. Kama mama huyo atakubali wafanye pamoja, majoho 15 ni mengi kwa mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nitamtuma tu. Asipofaa arudi.

---

Katibu wa Lanet

Mkaazi, nimeisoma mara mbili. Mungu akubariki, ndugu yangu. Mtume.

Taarifa ya leo. Nilifuata la Nyar Kisumo. Nilimwendea mwenyekiti nyumbani, sikubeba Biblia wala kitabu cha mikutano. Nilimsimulia habari ya Toto na jembe, jambo ambalo kanisani sikuwahi kumwambia mtu. Wengi hawajui kama niliwahi kuvuka Malaba. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mwaka ule yeye alikuwa akipeleka maji kwa waliopiga kambi uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, na alikuwa amesahau nyuso zao. Sare za kwaya zimeshakatwa kwa yule fundi wa mjini, hazirudi. Lakini alikubali tukaenda pamoja kwa mama, na alipoingia alilishika lile gauni pale ubavuni maua yanapokutana, akaligeuza ndani akatazama mshono. Mkewe anataka mbili.

Cherehani hana, Sauti ya Tatu. Ile yake ilibaki Goma. Mke wangu ana ya kukanyaga, ya marehemu mama yake, ilikuwa imefunikwa kitambaa stoo. Jana jioni tuliibeba kwa mkokoteni. Mama wa Goma alikaa, akaweka mguu, akasikiliza mlio wake kabla hata ya kuweka uzi, akasema mkanda umelegea na gurudumu linataka mafuta. Kesho asubuhi napita mjini kununua mkanda. Kijana wa Mkaazi aje saa nane, watoto wa kwaya wanaletwa kupimwa saa tisa.

Kitabu cha mikutano kinasomwa Jumapili ijayo. Nitaomba maneno yale niliyoandika yasifutwe, ila chini yake nipewe nafasi ya mistari miwili.